Niliuliza Simu, Sikuuliza Barabara

Nina miaka arobaini na mbili, ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kashuga, na ninayowaandikia leo hata padri wangu hayajui. Msomaji, usinihurumie kabla hujamaliza!

Niliwahi kwenda Goma kwa mafunzo ya siku tatu. Huko nikaonyeshwa ile akili ya mashine, IA kama tunavyoiita huku. Unaandika swali kwenye simu, inakujibu kwa Kiswahili safi kuliko cha mkaguzi wetu! Nilirudi kichwa kimevimba. Mihogo ikiugua, naiuliza simu. Barua ya ofisi, naiuliza simu. Nikatangaza hadi kanisani kwamba siku za kuulizana zimekwisha. Watu wakaniita Papa IA, nami nikalipenda jina hilo... Mungu anisamehe.

Mke wangu, Mama Furaha, alikuwa na mimba ya pili. Muuguzi alimpima akasema mtoto amekaa vibaya tumboni, aende mapema hospitali ya Kirotshe akasubiri huko. Zilibaki wiki mbili ajifungue. Haraka ilikuwa ya nini?

Huku Masisi hakuna anayeshika safari bila kuuliza barabara. Leo inapitika, kesho wenye silaha wako kwenye kona. Anayejua ni yule aliyetoka huko, na mara nyingi ni mama wa soko mwenye gunia la maharage mgongoni. Mgeni akifika, hata kabla ya kumpa kiti, tunamuuliza barabara ikoje.

Mke wangu aliijua desturi hiyo. "Papa Furaha, tungoje kwanza bamama ba soko barudi kesho," aliniambia. "Bo njo banajua barabara," yaani wao ndio wanaoijua.

Nilikasirika! Mimi, Papa IA, nisubiri wauza maharage? Nikapanda kilima cha kanisa, ambako mtandao hupatikana, nikaiuliza simu. Jibu likaja haraka, refu, lenye adabu: barabara ya kwenda Kirotshe ni tulivu kwa ujumla, magari na pikipiki hupita bila shida.

Nikashuka nikamsomea kwa sauti ya darasani. Alisikiliza akiwa ameshika tumbo lake. Kisha akaniuliza, "Njo mwisho?"

Nikamjibu, "Njo mwisho."

Kesho yake asubuhi akapanda pikipiki. Dereva naye aliniuliza barabara ikoje, nikamwonyesha simu, akacheka, akasema mwalimu hawezi kukosea. Mke wangu alimbusu mtoto wetu Furaha. Mimi alinipungia mkono tu.

Jioni akina mama wa soko wakarudi, wakipitia njia ya msituni, miguu imevimba. Mmoja wao, jirani yetu, aliposikia mke wangu ameondoka aliketi chini palepale. "Barabara ilifungwa tangu jana, Mwalimu! Si ungetungoja tu?"

Dereva alifika siku ya tatu kwa miguu. Alisema walikuta risasi kwenye kona, watu wakatawanyika porini, akampoteza. Nilimtafuta katika kambi zote za wakimbizi, nikamtafuta hospitalini, nikafika hadi Walikale. Hakuna aliyemwona. Siku zake za kujifungua zilipita... Alijifungulia wapi? Nani alimshika mkono?

Kijiji kizima kililaani simu yangu. Mama mkwe wangu hadi leo huniletea sombe, mboga yetu ya majani ya mihogo, na kunifariji, "Mashine njo ilikudanganya, mutoto yangu. Kosa haiko yako." Nami nainamisha kichwa, nakula.

Sasa sikilizeni. Mashine ilibwabwaja, ndiyo, ilisifia barabara isiyoijua. Lakini jibu lile halikuishia pale nilipoishia mimi! Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja zaidi: "Sina habari za leo za eneo hilo, kabla ya kusafiri, waulize watu waliotoka huko."

Niliuona. Niliusoma kimyakimya, nikauruka. Ningeusomaje mbele ya mke wangu, wakati yeye ndiye aliyesema hivyohivyo?

Ndugu wasomaji, kuuliza si ujinga. Tumieni hizo mashine mkitaka, lakini msizivishe kofia ya nabii, na msiwadharau wanaotembea kwa miguu. Anayekiri hajui, mwacheni akiri! Msimzibe mdomo kama nilivyofanya ili mwonekane wakubwa.

Simu ile ninayo bado, na jibu lile sijalifuta. Furaha ana miaka tisa sasa, amejua kusoma. Juzi nilimkuta ameishika, kidole chake kinafuata maneno polepole, anaenda chini... Nilimnyang'anya.

Aliniuliza kwa nini, nikaitia simu mfukoni. Ndiyo maana nimeandika haya. Kesho nitamwita pamoja na bibi yake, nimpe simu, asome kwa sauti hadi mwisho.