Beringi ya Gurudumu la Kushoto

Kila Jumamosi Bosi alifua nguo, akadeki vyumba viwili, kisha akakaa mlangoni kusubiri simu ya mama. Jina la Bosi alipewa na baba yake kwa utani. Tangu mama alipokwenda kupika kwenye kambi ya wajenzi wa barabara, binti huyu wa miaka kumi na miwili ndiye aliyeamua kipikwe nini nyumbani. Lakini kuwa bosi wa nyumba tupu hakuna raha. Baba akiwa kazini, Bosi alijikuta akizungumza na sufuria, na sufuria hazina habari na mtu.

Jumamosi moja kulikuwa na kazi nyingine. Gari la baba, kuukuu kuliko Bosi mwenyewe, lilikuwa likivuma nyuma kama mashine ya kusaga. Baba aliliinua kwa jeki, akashika gurudumu la nyuma kwa mikono miwili, akalitikisa. Likacheza.

"Beringi zimekwisha," alisema. "Kesho tunakwenda kumwona mama yako, na sitoki na gari hili likiwa hivi hata nibembelezwe."

Bosi hakuwa amemwona mama kwa miezi kadhaa. Kesho mama angepumzika asubuhi tu, kisha arudi jikoni. Asubuhi hiyo Bosi aliiwaza usiku na mchana.

Baba alifungua magurudumu yote mawili ya nyuma, akatoa beringi zilizochakaa, zile pete za chuma zinazolifanya gurudumu lizunguke. Kisha akampa Bosi zile mpya na kopo la grisi.

"Weka grisi kiganjani. Bonyeza ukingo wa beringi hapo mpaka uone grisi inatokeza upande wa pili. Zungusha kidogo, bonyeza tena. Ukipaka juu tu, umeiremba, hujaifanyia kazi."

Bosi alicheka, akaanza. Viganja vilimuuma, lakini alizijaza moja baada ya nyingine. Alikuwa amebakiza beringi moja ndogo ya gurudumu la kushoto simu ilipoita ndani. Mtandao wa kambini ulikuwa wa kubahatisha. Simu ikikatika, basi tena. Alipaka grisi juu juu, akaiweka ile beringi kwenye kitambaa pamoja na nyingine, akakimbia.

"Mwanangu, kesho nitakungoja getini," mama alisema. Bosi alipofungua kinywa kujibu, mtandao ukapotea. Alijaribu kupiga tena na tena, lakini haikupatikana.

Aliporudi nje, baba alikuwa ameshaifunga ile beringi, sasa akikaza nati za gurudumu. "Umefanya kazi safi," alisema, akijifuta jasho. "Sikuona hata haja ya kukagua."

Sifa hiyo ilimchoma Bosi. Jua lilikuwa linazama. Akisema, gurudumu litafunguliwa tena kesho, na saa za kukaa na mama zitaliwa na spana. Alinyamaza.

Wakati wa chakula cha jioni baba alijaribu kumtania, akaona hacheki. Bosi aliliwaza gari likiteremka mlima, baba ameshika usukani bila wasiwasi, na ile beringi ikizunguka kavu mpaka iungue na gurudumu lichomoke. Akarudisha tonge sahanini.

"Baba, ile ndogo ya kushoto niliipaka juu tu. Ndani haina grisi. Mama alikuwa anapiga."

Baba aliacha kula. Akatazama nje.

"Giza limeingia, siwezi kufunga gurudumu kwa kupapasa. Tutafungua asubuhi. Unajua tutachelewa?"

"Najua."

"Hata mimi nina hamu naye," baba alisema, akainuka kwenda kunawa.

Bosi alilia kimya kimya mpaka usingizi ukamchukua.

Asubuhi baba alifungua gurudumu, akampa ile beringi. Bosi aliibonyeza kiganjani mpaka grisi ikatokeza pande zote. Baba aliirudisha, akakaza nati huku akizungusha gurudumu, akailegeza kidogo, kisha akatia pini mpya ya kuizuia nati isifunguke. Safari hii gari halikuvuma. Njiani, kila Bosi alipoona jua limepanda, roho ilimuuma.

Walimkuta mama getini, tayari amevaa aproni.

"Mbona hivi? Nimesimama hapa mpaka miguu imekufa ganzi!"

Baba alimtazama Bosi. Bosi akaeleza yote, akilia. Mama alimkumbatia kwa nguvu.

"Nilitaka asubuhi nzima na wewe," alisema. "Nimeumia, sikufichi. Ila mmefika wazima."

Baba akachuchumaa mbele ya binti yake. "Niliifunga kazi yako bila kuikagua kwa sababu nilikuamini. Kilichokuwa ndani ya lile gurudumu ulikijua wewe peke yako. Kukosea kazini ni kawaida, hata mimi nakosea. Lakini sema kabla gari halijaondoka, hata kama kusema kutakunyima kitu unachokipenda. Umesema, kwa hiyo nitaendelea kukuamini."

Jikoni waliita. Mama alimpangusa Bosi machozi kwa aproni, akapiga hatua mbili, kisha akageuka. Hakumuuliza baba. Alimuuliza Bosi.

"Gari litawafikisha nyumbani salama?"

Bosi alimtazama machoni. "Litatufikisha, mama."

Mama akaitikia kwa kichwa, akaenda kazini.