Shuka la Uwanjani

Rafiki yangu Domitila wa Ifakara hadi leo haanui nguo jioni.

Mwaka tisini na sita mumewe, Silvano, aliingia kwenye mashindano ya ndege za kujiundia nyumbani, kutoka Morogoro hadi Songea. Walikubaliana amtandikie shuka jeupe kwenye uwanja wa nyasi, ajue pa kutua kujaza mafuta. Siku hiyo wingu lilifunika bonde. Domitila alisikia injini ikizunguka juu, ikaelekea mtoni, ikanyamaza. Hakikuonekana hata kipande.

Shuka aliliacha palepale. Msiba ulipokwisha, mama mkwe akamwambia, "Mwanangu, matanga tumeshaanua. Kaanue na lile shuka."

"Akirudi je, mama?"

"Kaanue, mwanangu."

Akaenda jioni, mvua imetanda. Alipomaliza kulikunja tu, injini ikasikika juu ya wingu, ileile, na kikohozi chake. Ikazunguka, ikashuka, ikazunguka tena, kama mtu anayetafuta kitu. Domitila akalitandika upya, akilia, "Lipo, Silvano! Lipo hapa!"

Lakini giza lilikuwa limeshaingia. Injini ikaelekea mtoni, ikanyamaza.