Nilichora "Ndoa Njema" kwa Mkono Wangu Mwenyewe

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na minne, fundi wa redio na televisheni huku mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo. Sijaoa. Nimesoma hadi darasa la saba tu, na kuandika kwangu ni kwa taratibu, neno moja moja, kwa hiyo ndugu wasomaji mnivumilie. Haya ninayoyasimulia yamenikaa kifuani muda mrefu... nimeona bora niyatoe.

Tangu utoto nina aibu. Nikisimama mbele ya mtu mzima, au mbele ya msichana, maneno yananikimbia. Nililelewa na baba mdogo, aliyenichukua kutoka Masasi baada ya baba yangu kufariki. Hata yeye, aliyenilisha na kunivisha, nilishindwa kumwambia kwamba viatu vyangu vimetoboka. Nilikuwa navivaa hivyo hivyo mpaka avione mwenyewe.

Miaka niliyoanza kazi ya ufundi ndipo bidhaa za nje zilipoanza kumwagika Kariakoo. Redio, saa, televisheni, kila kitu kilishuka kwenye makontena, vingi vikiwa vimekwishachoka huko vilikotoka. Bosi wangu, Fundi Chande, alipata mashine chakavu za gemu, ile michezo ya kwenye kioo, zile kubwa kama kabati, akazipanga chumba cha mbele. Vijana wakajaa. Mimi nilikaa nyuma yao na bisibisi, nikisubiri ziharibike.

Wenzangu walitazama ndege zikilipuliwa. Mimi nilitazama herufi. Zilikuwa zimejengwa kwa vidoti vya mraba, kama ukuta wa matofali. Nilinunua daftari la hesabu, lile la vyumba vyumba, nikaanza kuzinakili: kidoti kimoja cha kioo, chumba kimoja cha daftari. Herufi haikuulizi kitu, wala haikucheki. Pale nilikuwa na raha.

Lakini mashine yetu iliandika GAME OVER, START, PLAYER na SCORE, basi. Ukitaka kuandika KARIBU, unakwama hapo hapo mwanzoni! Herufi zilizokosekana ilibidi nizijenge mwenyewe kwa kufuata ndugu zao. O nilipoifungua juu ikawa U. P nilipoiongezea tumbo la chini ikawa B. M ilipopinduliwa ikawa W. K ndiyo ilinitesa, kila nikiichora ilionekana kama mtu aliyevunjika mguu. Tarakimu za mashine zilikuwa zimefifia, nikazichukua kwenye saa ya taa nyekundu iliyokuwa ikiwaka kwenye duka la vitambaa la Mhindi mmoja, ng'ambo ya barabara. Nilisimama nje ya dirisha lake hadi mlinzi akaniuliza kama nasubiri mtu.

Rafiki yangu mkubwa alikuwa Rashidi. Alitembeza vitambaa vya makochi pale Msimbazi, na mdomo wake ulikuwa haulali. Siku moja aliona daftari langu akapiga mluzi.

"Mwanangu, hizi zinamfaa binamu yangu. Anadarizi."

Binamu huyo ni Hawa, binti wa mjomba wake. Alidarizi kwenye kitambaa chenye vitundu, uzi ukipita mshazari huku na huku mpaka unafanya msalaba mdogo. Msalaba mmoja, kitundu kimoja... yaani sawasawa na vidoti vyangu! Nilimpelekea KARIBU MGENI kupitia Rashidi. Kilirudi kitambaa cheupe chenye herufi zangu kwa uzi mwekundu. Kitu nilichokitoa kwenye kioo kinachokufa, mtu alikuwa amekipa uhai.

Baadaye alikuja mwenyewe karakana na mama yake, wameleta pasi. Aliposogea kidogo mbali na mama yake akaniuliza, "Wewe ndiye wa herufi?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mbona K yako inachechemea?" Akacheka. Nami nilicheka. Nadhani ndiyo mara yangu ya kwanza kucheka na msichana.

Tangu hapo tulizungumza kwa vidoti. Nilichora POLE NA KAZI, kikarudi kipande kidogo kimedariziwa ASANTE. Nilichora UMEKULA?, akanirudishia NDIYO, WEWE JE? Maneno niliyoshindwa kuyasema kwa mdomo yalikaa vizuri kwenye vyumba vya daftari. Mchukuzi alikuwa Rashidi siku zote, maana yeye aliingia nyumba ile kama mtoto wa nyumbani.

Nilipoamua kumwoa Hawa, nilijua desturi. Unamwambia mzee wako, anatafutwa mshenga mtu mzima, anapeleka posa. Jambo dogo hilo, sivyo? Lakini kila jioni niliketi na baba mdogo, tukala, akasikiliza taarifa ya habari, na mimi nikabaki natazama sahani.

Rashidi, niliyekuwa nimemdokezea nia yangu, alinisimanga.

"We Shabani bwana, ukitakiwa kusema unakuwa redio isiyo na betri. Niachie mimi. Yule ni mjomba wangu, nitamwingia taratibu."

"Si mpaka mzee?"

"Mzee wa nini? Mimi ndiye damu yao."

Nilikubali. Enyi ndugu zangu, hata nilimshukuru!

Alirudi akisema mjomba hana kinyongo, ila anaomba nivute subira mpaka baada ya Mfungo. Nisiende kule, nisionekane kuharakisha. Na Hawa je? Akasema Hawa amefurahi, na amekwishaanza kutayarisha shuka na foronya za ndoa. Anataka nimchoree maneno ya kitandani, makubwa, yenye maua pembeni.

"Maneno gani?" nikauliza.

"NDOA NJEMA. Si ndiyo wanayoweka maharusi wote?"

Kweli, ndiyo wanayoweka. Nilinunua karatasi za vyumba nikaziunganisha kwa gundi hadi zikajaa meza ya karakana. Fundi Chande aliniuliza kama nimehamia kazi ya ramani. Herufi za kwenye gemu zilikuwa nyembamba, nikazinenepesha, kila mstari upana wa vidoti viwili. Nilizungushia maua niliyoyabuni. Sijawahi kufanya kazi kwa moyo kama ule. Nilikuwa nachora kitanda changu mwenyewe... ndivyo nilivyodhani.

Mfungo ukaisha. Rashidi akaadimika. Nikajipa moyo kuwa yuko kwenye mihangaiko ya biashara.

Siku moja mama yake alipita karakana, anatoka sokoni na kapu la nazi. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ijumaa usikose, uje kutusaidia kupanga viti. Mwenzio anaoa."

"Nani?"

"Nani tena, Rashidi. Hakukwambia?"

Niliuliza anaoa wapi. Sauti yangu niliisikia kama inatoka kwa mtu mwingine.

"Hapo hapo kwa mjomba wake. Si unajua, binamu nyama ya hamu!" Akacheka, akaweka kapu begani, akaenda zake.

Msemo huo, kwamba binamu huoana, nimeusikia tangu utotoni. Mtaa mzima unaujua. Mimi peke yangu ndiye niliyemchukua binamu, nikamtuma akanichumbie binamu yake. Kuna mjinga kunizidi?

Sikwenda kupanga viti. Nilijifunika shuka mchana. Baba mdogo alikuja akaketi ukingoni mwa kitanda, na kwa mara ya kwanza nilimweleza yote, uso nimeugeuzia ukutani. Kisha akasema, "Kumbe ulikuwa na jambo kubwa hivyo, ukampa mtoto mwenzio akalibebe. Mimi nilikuwa wapi, Shabani? Ningekwenda siku ile ile." Hakunigombeza. Alitoka, nikamsikia akikohoa uani kama mtu anayeficha kitu. Hilo nalo liliniuma, maana nilimfanya aonekane si mzazi.

Rashidi hakuwahi kunitafuta. Tulikutana mara moja tu, Mtaa wa Kongo. Akasema, "Mwanangu, mambo ya mjomba yale, nilibanwa." Halafu akamgeukia mteja.

Hawa nilikutana naye miezi mingi baadaye, Kariakoo, kwenye maduka ya khanga. Alikuwa peke yake. Nilitaka kupita, akaniita kwa jina.

"Mchumba wako wa Masasi hajambo?"

"Mchumba gani?"

Akaniambia. Rashidi alimweleza kwamba baba mdogo ameniposea nyumbani, na kwa aibu zangu nimeshindwa kumwambia Hawa mwenyewe. Hawa alikataa kuamini. Alisema mimi nisingefanya hivyo. Ndipo Rashidi akatandaza zile karatasi zangu mbele yake.

"Nilizitazama, nikaona ni mkono wako," alisema. "Umenichorea NDOA NJEMA, umeweka na maua. Nikasema basi, kama ameweza kukaa akachora haya yote, ananitakia heri niende. Siku ile ndiyo niliyomjibu baba kuwa nimekubali."

Mimi, Shabani, ndiye niliyekuwa ushahidi wa Rashidi!

Safari hii maneno hayakunikimbia. Yalikuja yenyewe, yamechelewa. Nikasema, "Nilichora nikijua ni yetu. Mimi na wewe."

Hawa aliivuta khanga yake vizuri mbele, nikaona tumbo.

"Usiseme tena hivyo," akasema polepole. "Usimwambie mtu yeyote. Nitalalaje mle ndani?"

Akaondoka. Hakugeuka nyuma.

Ndugu msomaji, hasa wewe kijana mwenye aibu kama yangu, nakuomba. Usimtume mwenzako akakusemee jambo la maisha yako, hata awe rafiki wa kula sahani moja. Kuna wazee, na desturi ya mshenga haikuwekwa kwa mapambo. Mwamshe baba yako, mjomba wako, yeyote aliyekulea, umwambie leo. Utatetemeka, ndiyo. Mimi ningetetemeka kwa muda wa kula chakula kimoja cha jioni, yakaisha. Sasa kuna mtoto anaitwa mwana wa Rashidi, na mimi napita njia ya mbali ili nisilisikie jina lake.