Kiatu cha Mbele cha Digger

Kila asubuhi kabla ya basi la shule kufika, Marnie Keogh alikuwa na kazi tatu: kumpa Digger nyasi kavu, kubadilisha maji yake na kumchokoa matope kwenye kwato. Kazi ya nne, ambayo hakuna aliyemtuma, ilikuwa kumsimulia umbea wa shule. Digger alikuwa msikilizaji mzuri. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na farasi wa umri huo ni babu mtu mzima: amekwisha kusikia kila kitu, hashangai, na ukimchosha anakupigia chafya usoni.

Lakini kwa wiki tatu sasa, Marnie alikuwa ameona jambo ambalo hakumsimulia mtu yeyote. Digger akishuka kwenda kijitoni, mguu wake wa mbele wa kushoto ulitangulia kugusa ardhi kwa ncha, kama mtu anayetembea pekupeku juu ya changarawe. Mara mbili alikuwa amejikwaa. Na asubuhi, kabla jua halijapita mikaratusi, Marnie alimkuta amesimama kwa miguu mitatu, ule wa nne ameunyoosha mbele, ameupumzisha.

Kwa nini alinyamaza? Kwa sababu ya Jumamosi. Jumamosi yalikuwa maonyesho ya kilimo ya Wirrabeen, na Marnie alikuwa amejiandikisha yeye na Digger katika mashindano ya kuruka viunzi ya watoto wasiozidi miaka kumi na miwili. Mwakani angekuwa na kumi na mitatu. Isitoshe, ndani ya basi Tahnee Voss, ambaye naye angeruka na farasi wake, alikuwa amemuuliza mbele ya watu, "Huyo babu yako ataruka, au ataomba mkongojo?"

"Ataruka juu kuliko wako," Marnie alijibu, na basi zima likapiga mbinja. Neno lililotoka mbele ya basi zima haliwezi kurudishwa mdomoni.

Tatizo lilikuwa Alhamisi. Kwenye kalenda ya jikoni, kila baada ya wiki sita, mama yake alichora duara na kuandika ndani yake: DOT. Dot Carmody alikuwa fundi wa viatu vya farasi wa bonde zima, mwanamke wa miaka sitini mwenye mikono minene kama magogo ya kuni. Watoto wote walimwita Shangazi Dot, hata wale waliomwogopa. Kabla ya kumpiga farasi kiatu alimtembeza kwanza akamtazama, na macho yake hayakukosa kitu. Akimwona Digger anachechemea, Mama atajua. Mama akijua, Jumamosi imekwisha.

Basi Alhamisi asubuhi Marnie aliingia kwenye chumba cha matandiko, akapanda juu ya ndoo, akatoa kopo lililokuwa rafu ya juu kabisa. Ndani yake mlikuwa na unga mweupe wa kutuliza maumivu, ambao daktari wa mifugo aliuacha mwaka jana Digger alipoumia. Marnie aliuchanganya na pumba, akamiminia molasi nyingi. Digger alikula yote, akalamba ndoo, kisha akalamba mkono wa shati la Marnie. Alikuwa akimwamini kuliko alivyostahili siku hiyo.

Saa tisa na nusu alasiri gari la Shangazi Dot liliingia uani. Mbwa wake, Bacon, alishuka wa kwanza na kukaa pale inapowekwa fuawe, chuma cha kufulia viatu, akingoja vipande vya kwato, maana mbwa wa mafundi wa kazi hiyo huvitafuna kama biskuti. Shangazi Dot alifunga aproni yake ya ngozi. Mama alitoka jikoni akiwa na kikombe cha chai.

"Haya, binti," Shangazi Dot akasema. Ulikuwa utaratibu wake: hakugusa ukwato kabla ya kusikia neno la mwenye farasi. "Nipe habari za wiki sita."

"Nzuri."

"Nzuri ni jibu la kumpa mwalimu mkuu. Anakula?"

"Anakula mpaka ndoo."

"Anashukaje mteremko?"

"Kama kawaida."

"Asubuhi anasimamaje?"

"Kwa miguu," Marnie akasema.

Mama alicheka. Shangazi Dot naye alitabasamu kidogo. "Mingapi?"

Marnie alimkunakuna Digger shingoni. "Minne."

Wakamkimbiza Digger polepole kwenye sakafu ya saruji, huku na huko. Unga ulikuwa umefanya kazi yake. Mzee alikwenda kama kijana anayekwenda posa, shingo juu, mkia ukipepea.

"Mtazame," Mama akasema kwa fahari. "Nilimpanda mimi kabla huyu binti hajazaliwa."

Shangazi Dot alisogea begani kwa Digger. Aliinama, akauweka mguu wa kushoto wa mbele katikati ya magoti yake, akang'oa kiatu kwa koleo. Halafu akakitazama kwa muda mrefu kuliko kiatu chochote kinavyostahili kutazamwa.

"Njoo uone." Alimpa Marnie kile chuma. Mbele, kwenye ncha, kilikuwa kimelika na kuwa chembamba kama kisu cha siagi. Nyuma, kisiginoni, kilikuwa kinene karibu kama siku kilipopigwa. "Mara ya mwisho kililika sawasawa pande zote. Hiki kinaniambia farasi huyu anakwepa kukanyaga kisigino. Lakini miguu yake nimeiona sasa hivi, inaniambia hana shida. Mmoja kati yao ni mwongo, na sijawahi kukutana na chuma kinachosema uongo."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakutaja kiatu, labda kwa sababu hawakuwa na farasi.

"Sasa nina njia mbili," Shangazi Dot akaendelea. "Nirudishe kiatu nyuma kidogo, nikibiringishe ncha ili mguu unyanyuke kwa urahisi, nimwinulie kisigino. Hiyo ni dawa ya mguu unaouma. Lakini kama hauumi, nikimbadilishia mwendo siku mbili kabla ya kuruka, nitamharibu. Wewe ndiye unayeishi naye. Nibadilishe au niache?"

Bacon alitafuna kipande cha ukwato kilichotoka na kiatu. Mama alipuliza chai. Digger alikuwa ameegemeza pua yake begani kwa Marnie na kufumba macho.

"Acha kama kilivyo," Marnie akasema, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuitambua.

"Sawa. Neno lako ndilo ninalofanyia kazi."

Tanuri dogo la gesi lilinguruma nyuma ya gari. Shangazi Dot alitoa kiatu kipya kikiwa chekundu, akakipiga nyundo juu ya fuawe, akakigusisha kwenye ukwato kupima. Moshi wenye harufu ya nywele zilizoungua ukamfunika. Akakipoza ndani ya ndoo, kikalia *chwii*. Akaweka misumari mdomoni, akauchukua mguu.

"Afadhali yuko mzima," akasema kupitia misumari. "Nilipita uwanjani asubuhi. Kiunzi cha mwisho wamekiweka pale kwenye mteremko. Farasi mwenye mguu mbovu angetua kwa pua, na aliye mgongoni angekuwa chini yake."

Akaweka msumari wa kwanza. Akainua nyundo.

"Shangazi Dot, ngoja."

Nyundo ikabaki hewani.

"Anasimama kwa mitatu," Marnie akasema. Maneno yalitoka yakisukumana kama watoto mlangoni mwa basi. "Asubuhi. Wiki tatu sasa. Na akishuka anatanguliza ncha, na amejikwaa mara mbili. Leo nimempa ule unga wa kwenye kopo ili usione."

Mama aliweka kikombe juu ya ukuta, akakosea ukuta, kikaanguka na kuvunjika, wala hakukitazama. Shangazi Dot alitema misumari mkononi mmoja mmoja. Akaushusha mguu wa Digger taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Kiasi gani?" akauliza.

Marnie alimwambia. Mama tayari alikuwa na simu sikioni, akimtafuta daktari wa mifugo.

"Maumivu ndiyo mdomo wa farasi," Shangazi Dot akasema. "Wewe umeuziba kwa kijiko, halafu ukaniletea nimsikilize. Leo sipigi kiatu. Siupigi msumari mguu ulioazima uzima wake kwenye kopo."

"Nilitaka Jumamosi tu," Marnie akasema, na machozi yakaanza.

"Najua ulichotaka. Digger naye ulimuuliza?"

Aling'oa na kiatu cha kulia, ili miguu ya mbele iwe sawa, akaenda zake. Daktari alifika kabla ya jua kuzama, akasema kiasi kile hakingemdhuru, ila unga usitolewe tena bila amri yake, na mzee apumzike kwenye maranda laini. Ijumaa aliupiga mguu picha ya eksirei. Kiungo cha chini kilikuwa kimechakaa kwa uzee. Kuruka kumekwisha, akasema, lakini kwa viatu vinavyofaa, kutembea bado kupo kwingi.

Jumamosi Marnie alikwenda kwenye maonyesho kwa miguu yake miwili. Alimkuta Tahnee akisuka mkia wa farasi wake, akamweleza kila kitu, hata habari ya kopo, kabla hajaulizwa.

Tahnee alimaliza msuko mmoja, akaufunga fundo. "Kwa hiyo mkongojo ulikuwa wa kweli."

"Viatu vipya kwanza. Mkongojo baadaye."

"Nishikie huu mkia basi, usisimame tu kama nguzo."

Jumanne Shangazi Dot alirudi. Kabla hajafunga aproni, Marnie alimpa karatasi. Alikuwa ameandika siku kwa siku: Digger amesimama vipi, amegeuka vipi, ametanguliza ncha au kisigino. Shangazi Dot alisoma mpaka mwisho, akaikunja, akaiweka kwenye kifua cha aproni. Kisha akamtembeza Digger, na mara hii mguu ukasema ukweli: alichechemea wazi, na Marnie hakuyakwepesha macho.

Kazi ilichukua muda mrefu. Shangazi Dot alibiringisha ncha ya kiatu juu ya fuawe, akakirudisha nyuma ya pale kilipokaa zamani, akaweka chini ya kisigino kipande cha raba kinene upande mmoja. Alipomaliza walimpeleka Digger kwenye njia ya kijitoni. Alisita juu ya mteremko. Akaweka mguu wa kushoto: kisigino kikatangulia. Akashuka mpaka majini bila kujikwaa, akanywa.

"Hajapona," Shangazi Dot akasema. "Atakuwa mzee hivi hivi. Ila haumii kama jana, na hilo ni kwa sababu ya karatasi yako kuliko nyundo yangu. Sikiliza, binti. Mimi namwona saa moja kila wiki sita, wewe unamwona kila siku. Yeye hana maneno, kwa hiyo maneno yake umeyabeba wewe. Ukimpenda mnyama, au mtu, usimfichie maumivu yake ili wewe upate sherehe. Sema mapema, hata kama kusema kunakunyang'anya kitu."

Akamkabidhi kile kiatu cha zamani kilicholika mbele. Mama alikitundika jikoni, kando ya kalenda, juu kidogo ya duara linalofuata.

Duara hilo lilipofika, gari liliingia uani, Bacon akashuka wa kwanza.

"Asubuhi anasimamaje?" Shangazi Dot akauliza.

"Kwa miguu," Marnie akasema.

"Mingapi?"

"Minne. Jumatano iliyopita ilikuwa mitatu na nusu." Akafungua daftari. "Nimeandika. Kaa chini, Shangazi, habari ni ndefu."