Nyumba ya Watu Sita

Wageni walikuwa sita, lakini taulo zilizolowa zilikuwa saba. Mama Chiriku alizihesabu upya kwenye beseni la kufulia, huku wifi yake akimcheka.

"Wifi, kuna mtu kaoga mara mbili. Hawa wakishalipa, hutaka kumaliza maji yote ya bomba!"

Mama Chiriku hakucheka. Taulo ya saba ilinuka dawa ya kuchua kifua, ile ile aliyokuwa akimpaka binti yake. Chiriku, mtoto wa mdomo usiopumzika, walimzika mwaka uliopita. Aliifua taulo ile peke yake, taratibu, moyo ukimdunda kwa kitu alichoona haya kukiita furaha.

Nyumba ile ndiyo iliyomlisha tangu mumewe aondoke. Aliwapangisha wasafiri kwa siku mbili tatu, na sheria ya manispaa ilikuwa wazi: vyumba vitatu vya wageni, watu sita, asizidi hata mtoto mchanga. Ukizidisha, kibali kinafutwa. Basi jirani alipopeleka maneno kwamba mle ndani kuna mtu wa saba, mtoto anayeimba, mkaguzi hakukawia.

Alifika jioni, wageni wote wakinywa chai ukumbini. Akawahesabu kwa kidole.

"Sita. Sawa kabisa, mama."

Hapo ndipo bomba la bafuni lilipofunguka lenyewe, maji yakamwagika kwa nguvu, kikafuata kikohozi, kidogo, kikavu, kikisogea kutoka bafuni kuja ukumbini, kikapita nyuma ya kiti cha mkaguzi kuelekea chumba cha nyuma, kile cha Chiriku, kilichofungwa kwa kufuli, na sakafuni, mbele ya macho ya watu wote, zikatokea nyayo za maji, moja baada ya nyingine, bila miguu ya kuzikanyaga.

Wageni walitimka, mabegi hata hayajafungwa. Mkaguzi, jasho likimtiririka, alisema kwa sauti ya chini, "Mama, sijui nitawaambia nini ofisini. Lakini huyo naye anahesabika. Mtoe, au kibali huna."

Kesho yake wifi alimleta mganga. Mganga alikaa mbele ya mlango wa chumba cha nyuma, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Kuna majini hujifunza sauti za marehemu," alinong'ona. "Humganda mfiwa mpaka wammalize. Muulize jambo mnalolijua nyinyi wawili tu. Akikosea, si mwanao, nitamtoa leo hii. Akipatia, siwezi kumfukuza mtoto kwa mama yake."

Mama Chiriku alipiga magoti. "Chiriku, mama. Siku ile ya mwisho, uliniambia nini?"

Harufu ya dawa ikapanda mpaka macho yakawawasha. Kisha sauti nyembamba ikapenya chini ya mlango.

"Nilisema, mama, nishike mkono. Nilisema sikulaumu."

Alilia mpaka paji la uso likagusa sakafu. Maana siku ile Chiriku hakusema lolote. Homa ilikuwa imemfunga ulimi tangu alfajiri, na yeye mama, kwa kuchoka, alipitiwa na usingizi kitini, akaamka mwili wa mtoto umeshapoa. Neno hilo alikuwa amelisubiri mwaka mzima, na hapakuwa na mwingine awezaye kumwambia.

"Vipi?" mganga aliuliza. "Kapatia?"

Angesema kweli, angebaki na nyumba yake, na ukimya wake.

"Amepatia," alisema. "Ndiyo maneno yake."

Mganga alimtazama kwa huzuni, akafunga mkoba wake, akaondoka. Wifi alimvuta Mama Chiriku, akamsihi, mwisho naye akatoka akilia. Mama Chiriku akampigia simu mkaguzi.

"Njoo uchukue kibali chako, baba. Sipokei wageni tena."

Kisha akafungua kufuli. Mlango ulisogea kidogo, na gizani ukatoka mkono wa baridi, vidole vyake virefu kuliko vya mtoto yeyote. Alijua si wa mwanawe. Akaushika.