Sindano ya Mzee Emmett

Lilianza kama jambo dogo, la kupuuzwa. Kila mwimbaji ambaye santuri yake ilipigwa katika chumba cha akina Pruitt Jumamosi ile asubuhi, awe mwanamume au mwanamke, alipofika kwenye herufi ya "s" alitoa mlio wa mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji. Wageni walikaa kidogo, wakatazamana, wakatoka na tabasamu la watu waliolelewa vizuri.

"Spika nzuri," mmoja alimwambia mwenzake koridoni, asijue kwamba mlango uko wazi. "Ila hawa Pruitt na sindano yao ya santuri, bwana. Wamerithi uzembe wa mzee wao."

Lorna Pruitt alisikia. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha hoteli, viatu kavua, kahawa yake imepoa. Kila mwaka yeye na mumewe Harlan walipakia garini spika walizounda katika karakana yao kule Dayton, wakaenda nazo kwenye maonyesho ya spika katika hoteli hii ya jirani na uwanja wa ndege wa Chicago, wakatoa kitanda chumbani, wakafunga mapazia mchana kweupe na kuwapigia wageni muziki. Alikuwa amechoka. Alichoka kubeba, alichoka kutabasamu, na zaidi ya yote alichoka kutumaini. Walishakubaliana: safari hii Bi. Hjelm, mwenye duka la Minneapolis, asipozichukua spika zao, karakana inafungwa na Harlan atatafuta kazi ya ghala kama watu wengine. Bi. Hjelm aliahidi kupita alasiri. Naye alikuwa mtu wa santuri tu. Ukimwekea muziki wa kompyuta anainuka na mkoba wake.

Harlan alibadilisha nyaya. Akasogeza spika mbele, akazirudisha nyuma. Akaulaumu umeme wa hoteli, akaulaumu ukuta, akailaumu mashine ya barafu ya koridoni. Ndivyo walivyo watu wa kazi hii, watalaumu hata hali ya hewa kabla ya kuinama kuitazama sindano, kwa kuwa sindano ni ghali, na cha ghali wanaamini hakikosei. Harlan alikuwa na sababu nyingine pia. Mashine ile ya santuri ilikuwa ya marehemu baba yake, Emmett, aliyeinunua kwenye mnada wa vitu vya mtu aliyekufa huko Toledo na kuifunga sindano kwa mikono yake mwenyewe. Siku za mwisho hospitalini, mzee alimshika Lorna kiganja akamwambia mtu yeyote asiuguse mkono wa ile mashine, ule unaoshika sindano. Wao wakadhani ni kiburi cha fundi, wakamheshimu.

Ila Lorna alikuwa akisikia kitu kingine. Chini ya ule mkwaruzo palikuwa na pumzi, kama mtu anayevuta hewa ili aseme jambo, kisha asiseme. Na kila santuri ilipozunguka, chumba kilinuka nywele zilizoungua.

"Harlan, humu ndani mnanuka."

"Ni amplifaya, mke wangu. Ikipata moto inaunguza vumbi."

"Vumbi halinuki nywele."

"Lorna, tafadhali. Leo tu, nivumilie."

Adhuhuri ilipofika Lorna akachoka kuvumilia. Alifunga mlango, akaenda kumwita Gerwin Tesch. Huyu alikuwa mzee mrefu anayepita chumba hadi chumba katika maonyesho yale, na begi lenye pimamaji, lenzi na mizani ndogo kama ya sonara, akiwatengenezea watu sindano zao. Alikuwa akiitwa jinsi mganga anavyoitwa, kwa aibu na wakati mambo yameshaharibika.

Gerwin aliinama juu ya mashine, akacheka. "Ndugu yangu, aliyekufungia hii ni adui yako?"

"Ni baba yangu," Harlan alijibu.

"Nisamehe. Mungu amrehemu."

Akapima. Sindano ilikandamiza santuri kwa uzito mara mbili ya unaotakiwa. Mkono ulikuwa umenyanyuka nyuma, sindano yenyewe imelalia upande. Kadiri alivyopima ndivyo utani ulivyomwisha.

"Safarini uliufunga mkono?"

"Niliufunga. Kama kawaida."

"Basi haukujiendea wenyewe."

Alizungusha uzito mdogo uliofungwa nyuma ya mkono, akashusha mkono, akainyoosha sindano, akaipangusa kwa brashi. Kisha akaweka santuri ya mwanamke mmoja na piano, na kwa mara ya kwanza Lorna alizisikia spika za mumewe jinsi zilivyo. Yule mwanamke alikuwa pale chumbani. Kila "s" yake ilikuwa laini. Lorna aliona machozi yakimlenga, akajionea huruma kwa miaka yote ile waliyochekwa bure.

Wimbo ukaisha. Sindano ikaingia katika ule ukimya mfupi ulio kati ya wimbo na wimbo, na hapo harufu ya nywele ikajaa chumba kizima, na ile pumzi ikavutwa, sasa bila mkwaruzo wa kuifunika, ndefu, ya mtu mwenye subira aliyengoja miaka na miaka mlango ufunguliwe, na katikati ya zile spika mbili, pale alipokuwa amesimama yule mwimbaji, sauti ya mwanamume ikasema polepole na kwa upendo mwingi, "Harlan."

Harlan alifungua kinywa aitikie. Lorna aliruka akainua mkono wa mashine.

"Mzee hakukosea," Gerwin alinong'ona, akikusanya vifaa vyake bila mpangilio. "Kila kitu alikipotosha makusudi, na kwa kipimo. Alikuwa akimziba huyo. Rudisheni kama ilivyokuwa." Akatoka, mizani yake kaisahau mezani.

"Ni Baba," Harlan alisema. Macho yalimng'aa kama ya mtoto. "Ananiita, Lorna."

"Tangu lini baba yako alikuita Harlan? Miaka yote nakujua, alikuita Bosi. Mezani Bosi, kanisani Bosi."

"Nataka kumwitikia tu. Neno moja."

"Usimwitikie. Nakuomba, Harlan."

Simu ikalia. Bi. Hjelm alikuwa amefika chini. Harlan alijipangusa uso, akaenda kumlaki kwenye lifti, na kabla ya kutoka akasema, "Akishakaa, naweka santuri ile ile."

Lorna alibaki peke yake na ile mashine. Sindano ilikuwa juu, haikugusa kitu, lakini zile ngozi nyeusi za spika zilikuwa zikitoka nje na kurudi ndani, taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala, na Lorna alijua kwamba sauti ile ikisikika tena mumewe ataitikia, na kwamba akishaitikia hatakuwa wake tena. Aliushika ule uzito, akauzungusha hadi ukagoma. Akaunyanyua mkono nyuma. Akaisukuma sindano upande kwa kucha.

Bi. Hjelm alisikiliza nyimbo mbili za santuri yake mwenyewe, macho magotini. Kwenye kila "s" mafuta yakarukaruka. Harlan alikuwa kasimama ukutani, uso umempauka.

"Nadhani spika ni nzuri, Harlan," yule mama alisema akiinuka. "Nadhani tu. Lakini mtu asiyejali sindano inayoonekana, nitamwaminije na sanduku la spika lililofungwa?"

Akachukua santuri yake akaenda.

"Umeigusa," Harlan alisema.

"Nilikuwa naipangusa vumbi."

"Lorna. Karakana yetu."

"Najua."

"Umenimaliza, mke wangu."

Kama Lorna angemweleza ukweli, Harlan angeinyoosha tena sindano ile ile jioni, kwa kumpenda baba. Alimkumbuka mzee Emmett katika chumba kama hiki, mwaka baada ya mwaka, akichekwa na vijana na kunyamaza, na akampenda kuliko alivyowahi kumpenda akiwa hai.

Harlan alitoka kuvuta hewa. Wageni wawili wakachungulia mlangoni, wakauliza kama bado wanapiga muziki. Lorna akashusha sindano. Mkwaruzo ukaanza, na chini yake, kwa mbali, kama mtu aliyezibwa mdomo na blanketi, kuna kitu kiliita. Safari hii kiliita Lorna.

Alibana midomo, akawaonyesha wageni viti.