Barua ya Goti la Asukile

Kama si parachichi, wasingeonana. Rozalia alikuwa ameinama sokoni Mwanjelwa, Jumamosi ya watu kubanana, akiyabonyeza moja baada ya jingine, gauni lake la kitenge cha njano likiwaka kuliko nyanya za jirani. Sauti nyuma yake ikasema, "Kamwene, Rozi."

Salamu ya kwao Iringa, kwa lafudhi ya Kinyakyusa. Aligeuka taratibu. Asukile yuleyule, kifua kama mlango wa gereji, jezi ya klabu yake ya Ufaransa. Ila mguu wa kulia aliuburuza.

"Hujafa?" Rozalia akauliza.

"Bado, mpenzi."

"Basi Mungu ana subira."

Usimwone mkorofi. Miaka mitatu iliyopita ndoa yao ilitangazwa kanisani Kihesa Jumapili mbili. Ya tatu, bwana harusi alikuwa angani, kaenda kulipwa kwa kukimbia na mpira wenye umbo la yai. Hakuaga. Alipokuja kupiga simu, wiki tatu baadaye, alikuta kashafungiwa namba. Rozalia akahamia Mbeya kukwepa macho ya watu, akaapa: huyu nitampata.

Na sasa kajileta mwenyewe, kama kuku aliyeingia jikoni kuulizia chumvi.

"Nasikia hospitali ya hapo juu ina mtaalamu hodari wa viungo," Asukile akasema. "Klabu inataka barua kabla ya Ijumaa. Goti likiwa limepona, naongezewa miaka miwili. Halijapona, raga basi."

"Mtaalamu ni mimi."

Rozalia akachagua parachichi tatu, akalipa. "Jumatatu saa mbili. Njoo na bukta."

Jumatatu alimchezesha kwata. Koti jeupe limenyooka, nywele kazibana, uso hauna habari.

"Chuchumaa. Haya, ruka mguu mmoja. Tena. Tena. Huko Ufaransa ndivyo mnavyoruka, au wewe unajua kuruka harusi tu?"

"Rozi, nihurumie."

"Dada Rozalia. Uko hospitali."

Jasho lilimtiririka, na moyo wa Rozalia ukapiga vigelegele. Kisha akalishika goti lenyewe, akalivuta mbele kidogo, nalo likachezacheza mkononi kama jino bovu. Kano haijashika. Akiangushwa mara moja tu uwanjani, hatatembea sawasawa tena.

Akaketi mezani, na shetani naye akavuta kiti. Kumbe kisasi hakikuwa kumnyima. Kisasi kilikuwa kumpa. Aandike "amepona", agonge mhuri, Wafaransa wamalizie kazi. Na nani angemlaumu, wakati mgonjwa mwenyewe anabembeleza?

"Andika nimepona, mama. Maumivu nitayabeba mwenyewe. Bila raga mimi ni nani?"

Rozalia akaandika. Akagonga mhuri. Akaipiga picha, akaituma klabuni bila kumwonyesha.

Jumatano simu ikalia.

"Miezi tisa? Umeandika apumzike miezi tisa? Wameniacha, Rozalia. Umeridhika?"

"Kidogo."

"Nilijua tu utalipiza."

Mwingine angejieleza. Rozalia alikata simu, akamwacha ateseke na dhana yake. Hicho ndicho kisasi pekee alichojiruhusu, na alikifaidi siku sita nzima.

Siku ya saba Asukile akabisha mlango wa chumba cha mazoezi, shati limechomekewa vizuri, mkononi ana picha ya goti. Alikuwa amekwenda hadi Iringa kutafuta daktari wa kumpinga Rozalia.

"Kasema mechi moja tu ingenitia kilema," akasema. "Akauliza nani kanizuia. Nikamwambia, mwanamke niliyemkimbia. Alicheka mpaka akavua miwani." Akainamisha kichwa. "Niliogopa, Rozi. Niliona nikikuaga, sitaondoka. Lakini wewe, kwa nini hukuniacha nikaumie?"

"Nilitaka. Kalamu ilikuwa mkononi."

"Ikawaje?"

"Nikaona atakayelia ni mimi."

Asukile akanyoosha mkono. Rozalia akaupita, akatandika shuka safi kitandani.

"Panda. Miezi tisa, kila siku. Itauma."

"Utanihurumia lakini, mpenzi?"

"Hata chembe," akasema, akalishika goti kwa mikono miwili, polepole kuliko alivyokusudia.